Kifuniko Kilichomtembeza Barasa

Mjukuu wangu Shiru amefungua kituo cha kulelea watoto huko Pipeline, Nairobi, kwenye chumba cha chini cha ghorofa moja ndefu. Juzi alikuja kunisalimu, furaha imemjaa, akanionyesha kwenye simu video ya mtoto akipiga hatua yake ya kwanza. Nikapiga makofi. Mtoto wa watu mzuri kweli, miguu imara, meno mawili. Kisha nikamuuliza kama mama wa mtoto amemwona.

"Shosho, nilimtumia hapo hapo," akasema. "Hata kabla mtoto hajaanguka!"

Chai ikanipalia. Shiru akanipiga mgongo akidhani ni uzee.

Basi wewe Shiru, na wenzako wote mnaolea watoto wa watu huko Pipeline na Kware, ketini kidogo niwaambie habari ya kifuniko cha sufuria. Nilifanya kazi hii yenu mpaka nikastaafu nayo. Nilianza miaka ya sabini, wakati Kware ni nyasi na ng'ombe tu, na nepi ni vitambaa vinavyofuliwa kwa mkono mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Nasari yetu ilikuwa karibu na mtaa wa Mbotela, jumba moja la mabati lenye sakafu ya simiti, na nyuma yake jiko la Mzee Kilonzo. Kazi yangu haikuwa kubeba watoto. Nilisimamia wale waliowabeba, na kati ya hizo mbili sijui ipi ngumu zaidi, kwa sababu mtoto akilia unajua ana njaa, ana usingizi, au amelowa. Mwalimu akinuna unaweza kukaa wiki nzima ukitafuta sababu.

Aliyenifundisha usimamizi ni Mama Salome, mwanamke mfupi aliyetembea bila kusikika. Alinifundisha kuingia darasani kwa mlango wa nyuma na kuketi chini sakafuni na watoto, kwa maana msimamizi akisimama mlangoni mikono kiunoni, walimu wote huanza kuimba kwa nguvu na hakuna kitu cha kweli utakachokiona. Alinifundisha kwamba mwalimu anayewafokea watoto asubuhi apewe chai kwanza, aulizwe maswali baadaye. Na kwamba ukisikia watoto wadogo wamenyamaza kimya, kimbia. Mara moja sikukimbia, nikawakuta wamepakana mafuta ya taa kichwani kwa utaratibu mzuri, mmoja mmoja, kama wako kwa kinyozi.

Lakini amri yake kubwa ilikuwa nyingine. "Wambui," aliniambia, "hapa kwetu mtoto hatembei mara ya kwanza. Hasemi neno la kwanza. Haoti jino. Akifanya, hukuona."

Nikafikiri mama huyu amechoka na kazi. Akanieleza. Mama wa mtoto anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, anashinda amesimama mbele ya mashine huko Industrial Area, anarudi mtoto akiwa amesinzia. Mengi ya mtoto wake tunayaona sisi. Jambo la kwanza likitokea mikononi mwako, nyamaza. Jioni mwambie mama tu kwamba naona huyu anakaribia, mwangalie sana leo. Ataenda nyumbani, atamsimamisha, atarudi kesho anakimbia kukwambia. Nawe ushangae, tena ushangae vizuri.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yetu ya kazi, na niliishika hata baada ya Mama Salome kustaafu na mimi kukalia kiti chake. Nikaishika vizuri mpaka aliponijia Nafula.

Nafula alitoka Bungoma, msichana mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Watoto walimpenda kuliko uji. Angeweza kulaza chumba kizima cha watoto kwa wimbo mmoja wa kwao. Taabu yake ni moja: hakuwa na mahali pa kuweka siri. Mama akifika langoni jioni, Nafula anampokea kwa ripoti. "Mama Achieng', leo wako amekula mchanga, tena ameomba mwingine!" "Mama Njoroge, huyu ameuma watu, lakini si sana!" Wale akina mama walikwenda zao wamejikunyata. Nikamwita, nikamwambia tuanze na mazoezi madogo: afiche tu chakula cha mchana. Mzee Kilonzo amwambie asubuhi, yeye akae nacho mpaka kipakuliwe. Kufikia saa nne hata muuza makaa wa ng'ambo ya barabara alijua ni maharagwe.

"Mwalimu, najaribu," akaniambia, macho yamejaa machozi. "Kinanijaa hapa kooni."

Sasa katika darasa la Nafula kulikuwa na Barasa. Barasa alikuwa mtoto mnene, mtulivu, aliyeketi mahali pamoja kama chifu na kungoja dunia imletee vitu. Na dunia ilimletea. Wenzake wa umri wake walikuwa wameshaanza kuruka mitaro, yeye bado anaketi. Hatukuwa na wasiwasi. Miguu yake ilikuwa mizima, nilishaipima kwa mikono yangu, nikajua huyu hana ugonjwa, hana haraka tu.

Mwenye haraka alikuwa bibi yake. Alifika kutoka Bungoma kuhudhuria mkutano wa akina mama wa kanisa, akakaa kwa mwanawe pale Mbotela, akamtazama Barasa kwa siku mbili tatu, akatoa hukumu. Mtoto ameharibiwa na simiti ya Nairobi. Mkutano ukiisha, Jumapili, ataondoka naye. Huko nyumbani atamchimbia shimo karibu na jiko, amsimamishe ndani yake kila asubuhi, udongo umshike kiunoni, mpaka miguu ikaze. Kama atakuwa ametembea kabla ya Jumapili, basi, abaki.

Baba Barasa alikubali. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, hakuogopa moto wala msimamizi wake, ila mama yake alimwogopa.

Mama Barasa alinijia langoni asubuhi ya Jumatatu, amevaa lile koti la buluu la kiwandani, akanishika mkono. "Mwalimu Wambui, akienda huko hatarudi karibuni. Atarudi hanijui. Mfanyeni atembee." Kisha akakimbilia kazi, kwa sababu lango la kiwanda halingoji mtu anayelia.

Tulimwimbia Barasa. Tulimvuta kwa ndizi. Nafula alitembea mbele yake kwa magoti mpaka soksi zikatoboka. Barasa alitutazama kwa huruma na kula ndizi akiwa ameketi.

Siku ya pili yake Mzee Kilonzo alitoka jikoni na sufuria kubwa ya uji, akakiweka kifuniko chini sakafuni ili apakue. Kilikuwa kifuniko cha aluminiamu kipana, kimepoa, na juu kina mkono wa kushikia uliofungwa kitambaa kwa sababu mbao yake iliungua zamani. Barasa alikitazama. Akatambaa mpaka kwacho, akakishika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akasimama. Kisha akatembea. Alivuka chumba kizima ameshika kifuniko mbele yake kama dereva aliyeshika usukani, akageuka ukutani, akarudi.

Nilimwona Nafula akivuta pumzi. Nilijua kinachokuja. Mkononi nilikuwa na mandazi ya chai yangu, sikufikiri mara mbili, nikamsukumia mdomoni yote. Ule ukelele ukaishia humo ndani. Alibaki amesimama, mashavu yamefura, machozi yanamtoka, mikono inapepea.

"Hukuona," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwamba aliona.

"Nafula. Hukuona."

Jioni nilimwambia Mama Barasa kama nilivyofundishwa, kwamba huyu naona anakaribia, mwangalie sana leo. Akaenda karibu anaruka. Kesho yake akarudi uso umeanguka. Walimsimamisha mpaka taa ikaisha mafuta, akaketi kila mara.

Kwetu, siku hiyo hiyo, alitembea asubuhi nzima. Ila ni kwa kifuniko. Ukimnyang'anya, anaketi. Tulimpa sahani ya bati, akaitupa. Tulimpa bakuli, akalivaa. Tulimpa kofia ya Mzee Kilonzo, akailalia. Nami nikaelewa, na hili mlishike nyinyi vijana: mtoto anayeanza kutembea hatafuti nguvu, anatafuta cha kushika. Kwa Barasa ule mkono wa kifuniko ulikuwa mkono wa mtu. Alidhani ameshikwa.

"Basi si tumwambie mama yake?" Nafula akanisihi. "Mwalimu, mtoto anachukuliwa!"

Msidhani mimi ni jiwe. Nilishalifikiria hilo nikakosa usingizi. Lakini maneno yetu yangesaidia nini? Yule bibi angesema watu wa nasari wanadanganya wasipoteze mtoto. Alitaka kuona kwa macho yake. Na Mama Barasa je? Tungempokonya kitu chake, kisha mtoto aende vilevile. Nikaamua kifuniko kiende Mbotela, kwa kina Barasa.

Mzee Kilonzo alikataa kata kata. "Madam, hicho ni chombo cha kazi. Uji utaingia nzi."

"Ni usiku mmoja tu, Mzee."

"Leo kifuniko, kesho mtakuja kunichukua mwiko. Mimi nitapikia watoto na nini, imani?"

Jumamosi mchana alinikabidhi akiwa amekisugua kwa majivu mpaka kinang'aa, lakini alinigeuzia mgongo nikikichukua. Nikakifunga kwa leso. Nikaenda na Nafula, kwa sababu bibi yule hakujua Kiswahili sana na mimi Kibukusu nilijua salamu ya "mulembe" peke yake. Njiani nilimwonya Nafula mpaka midomo ikanikauka. Akaniambia kitu kilichonitia hofu zaidi. "Kwa Kiswahili naweza kujaribu kuficha, Mwalimu. Kwa lugha ya mama siwezi. Kukhu akiniuliza, itatoka."

Kukhu ni bibi, kwao.

Tulimkuta ameketi kitandani, mgongo wima, mzigo wake umefungwa tayari miguuni. Juu ya mzigo kulikuwa na sweta ndogo ya Barasa. Baba Barasa alikuwa kona moja anatengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Mama Barasa, bado amevaa koti lake la kiwandani, alitupa chai na viazi vitamu. Barasa alikuwa chini mkekani, ameketi.

Nikatoa kifuniko kwenye leso, nikakiweka sakafuni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika hesabu zangu zote sikuwa nimetayarisha sababu ya mtu mzima, msimamizi wa walimu, kuja kutembelea watu na kifuniko cha sufuria.

Mama Barasa akakitazama kifuniko, akanitazama mimi. "Ni... zawadi, Mwalimu?"

Kukhu akauliza kitu. Nafula akavuta pumzi, akajibu kwa maneno mengi sana, akinionyesha mimi kwa kidevu. Kukhu akanitazama kwa muda, akatikisa kichwa polepole kwa masikitiko, akanisogezea kiazi kikubwa kuliko vyote.

"Umemwambia nini?" nikanong'ona.

"Nimemwambia nyinyi Wakikuyu hamwingii nyumba yenye mgeni bila kubeba kifuniko. Ni mila yenu."

"Nafula!"

"Amesema alikuwa anasikia tu, sasa ameona."

Nikala kiazi changu kwa heshima ya kabila langu. Barasa alikitazama kifuniko, akatazama pembeni, akapiga miayo. Chai ikapoa. Kukhu akamgeukia Nafula, akamuuliza swali jingine, fupi, na hilo nililielewa bila kutafsiriwa kwa sababu alimwonyesha Barasa kwa kidole na kisha akatembeza vidole viwili juu ya goti lake. Je, huko kwenu huyu hutembea?

Nafula akachukua kiazi kizima akakitia mdomoni. Akaonyesha mashavu yake, akaomba radhi kwa mikono. Nilimpenda siku hiyo kama mtoto niliyemzaa.

Lakini kiazi hutafunwa kikaisha. Nilikuwa nahesabu mitafuno yake, Kukhu anangoja jibu, Barasa haendi popote. Na hapo Mama Barasa, maskini, kwa adabu zake, akaona zawadi ya mgeni haifai kuachwa chini kwenye vumbi. Akainama, akakiokota kifuniko, akaenda nacho kukiweka juu ya meza upande wa pili.

Jumapili ilikuwa kesho.

Barasa akaona kifuniko chake kinaondoka. Akakunja uso. Akaweka viganja vyake chini, akainua makalio, akasimama katikati ya mkeka bila kushika kitu, akayumba. Akainua mguu. Akaweka. Akainua wa pili. Alikwenda hivyo hivyo, mikono hewani, amekasirika kabisa, mpaka akafika akashika koti la buluu la mama yake kwa nyuma.

Mama Barasa aligeuka. Sitaeleza uso wake, siwezi. Kifuniko kilianguka kwenye simiti kikalia kama kengele ya kanisa, na Kukhu akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje. Baba Barasa aliinuka, akaketi, akainuka tena, akasema, "Lakini si nilisema?" na hakuna aliyekumbuka amewahi kusema chochote.

Nami nilibaki mdomo wazi, na sikuwa naigiza. Tulikuwa tumemwona Barasa akitembea na kifuniko wiki nzima. Bila kifuniko hatukuwahi kumwona. Hatua ile ilikuwa ya kwanza kwetu sote, na alimwendea mama yake.

Kukhu aliichukua ile sweta ndogo juu ya mzigo, akaikunja, akairudisha kitandani. Nafula akanitafsiria alichosema: kwamba shimo litangoja mwingine, na kwamba hii mila ya Wakikuyu ina nguvu.

Tulipotoka, jua lilikuwa bado juu. Nafula alikuwa analia, nikadhani ni furaha. Tukafika karibu na Jogoo Road bado analia, nikamshika bega.

"Wangu yuko kwa mama," akasema. "Anaitwa Simiyu."

Sikujua ana mtoto. Msichana aliyeshindwa kuficha maharagwe alikuwa ameficha hilo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa aliambiwa nasari haziajiri msichana mwenye mtoto mdogo.

"Alitembea bila mimi, Mwalimu. Niliambiwa na mtu wa kwetu pale stendi ya basi, alikuwa anashusha mzigo wake. Ananiambia huku anahesabu kuku. 'Ehe, na wako anatembea siku hizi.' Kisha akaendelea na kuku."

Tulitembea. Mwishowe nikamwambia akamlete, kwamba mambo ya wakubwa wa mjini niachie mimi. Na nilipambana nao, lakini hayo ni makelele ya ofisini ambayo hayawahusu nyinyi.

Alimleta baada ya likizo. Nilikuwa mlangoni na walimu wote. Simiyu alikuwa anatembea zamani, miguu myembamba ya kukimbiza ndama, lakini siku hiyo alikuwa amening'inia shingoni mwa mama yake, anatuogopa.

Mzee Kilonzo akatoka jikoni. Sufuria ilikuwa motoni nyuma yake, wazi, inatoa mvuke. Mkononi alikuwa na kifuniko, amekiosha kwa maji baridi, bado anakipangusa kwa aproni. Akamchukua Simiyu polepole kutoka shingoni, akamsimamisha sakafuni, akampa ule mkono wa kitambaa akaushika.

"Huyu hajawahi kutembea hapa kwetu," akasema bila kumtazama mtu. "Hakuna aliyemwona. Nafula, nenda usimame pale ukutani."

Nafula alimtazama, akanitazama mimi. Nikamwambia aende, mtoto anangoja. Akaenda. Akageuka, akapiga magoti, akafungua mikono. Simiyu akakaza kifuniko kifuani, akapiga hatua ya kwanza, akatabasamu, akapiga ya pili.

Na Nafula akautoa ule ukelele niliouziba kwa mandazi, wote, mpaka mabati yakatikisika. "Ametembea! Jamani, ametembea!" Hakuna aliyemnyamazisha.